Juu ya Kukosoa Michoro Iendayo

Katika uhakiki wa mashairi yetu kipo kipimo kinachokubaliwa na pande zote kabla ya ubishi kuanza. Mizani ya mshororo huhesabika kwa vidole, na kina kilichopotoka hukwaruza hata sikio la mtu asiyekuwa mtunzi. Mshairi akiambiwa ya kwamba mshororo wake wa tatu una mizani 15 mahali pa 16, hana la kujibu ila kuhesabu tena. Na akiisha kuhesabu, ama hushukuru ama hunyamaza. Ubishi mkubwa, ule wa maana na uzuri, huja baadaye, na huja ukiwa umekwisha kupata mahali pa kusimama.

Sanaa ya uhuishaji, yaani kuchora kwa mkono picha nyingi zifuatanazo, ambazo zikipitishwa upesi mbele ya jicho huonekana kuwa kitu kimoja chenye uhai, nayo ina mizani yake, na mizani hiyo huhesabika vile vile. Ajabu ni kwamba wengi wanaokosoa mazoezi ya wanafunzi wa sanaa hii husema kana kwamba hakuna cha kuhesabu. Husema zoezi ni zuri, au halijapendeza, au limekosa uhai, kisha hupita kwa mwanafunzi mwingine. Katika kurasa hizi nakusudia kuchungua jinsi mazoezi hayo yanavyokosolewa na jinsi yanavyostahili kukosolewa. Mifano yangu nitaichukua zaidi Marekani na Uingereza, kwa kuwa huko ndiko sanaa hii ilikofundishwa kwa utaratibu kwa muda mrefu, na ndiko mafundi na wanagenzi walikoacha habari za kutosha juu ya namna walivyokosoana.

Zoezi la kwanza apewalo mwanagenzi, karibu kila mahali, ni mpira unaodunda. Mgeni wa sanaa hii huliona zoezi hili kuwa la kitoto, na wanafunzi wengine pia huliona hivyo, wakalimaliza kwa pupa ili wawahi kuchora simba na malkia. Lakini ndani ya mpira mmoja mna karibu sarufi yote. Filamu hupita mbele ya taa picha 24 kwa sekunde. Mchoraji aweza kuchora mchoro mpya kwa kila picha, au aweza kuutumia mchoro mmoja kwa picha 2, na hapo michoro yake huwa 12 kwa sekunde. Njia hii ya pili hutumika sana kwa kuwa huipunguza kazi nusu na jicho halilalamiki. Sasa, kitu kinachoachwa kianguke kutoka kimo cha mita 1 hufika chini kwa muda usiotimia nusu sekunde, yaani picha 11 hivi. Wala katika kushuka huko hakiendi mwendo mmoja. Tukiugawa muda wake katika vipande vilivyo sawa, umbali unaopitwa katika kila kipande huongezeka kwa uwiano wa 1, 3, 5, 7 na kuendelea, jambo lililojulikana tangu siku za Galileo. Kwa hiyo michoro ya juu, pale mpira unapoanza kushuka, husongamana; na ile ya chini, karibu na ardhi, huachana.

Mwanafunzi asiyelijua hili huupanga mpira wake kwa nafasi sawa toka juu hata chini, na huupa sekunde nzima ya kushuka kwa sababu michoro 12 yapendeza kuitazama juu ya meza. Ukipitishwa, mpira huo huelea. Mkosoaji mvivu husema, mpira wako hauna uzito. Neno hilo ni la kweli, wala halimsaidii aliyeambiwa. Uzito hauchorwi popote katika karatasi zile. Uzito ni hisia izukayo kwa mtazamaji kutokana na muda na nafasi. Mkosoaji amelitaja lililompata yeye alipotazama, hakulitaja lililolisababisha. Basi mwanafunzi hurudi mezani akautia mpira kivuli kizito, akaukoleza mstari wake, akauleta tena ukielea kama ulivyoelea jana, isipokuwa sasa ni mweusi zaidi.

Mkosoaji mwenye mizani angesema hivi: umetumia picha 24 kwa kushuka mita 1, na katika sekunde 1 kitu huanguka karibu mita 5, mpira wako basi ama umeangushwa kutoka paa la nyumba, ama unadunda mwezini, ambako kitu huhitaji zaidi kidogo ya sekunde moja kushuka mita 1. Mwanafunzi huyu amepewa hesabu, na hesabu hiyo aweza kuifanya mwenyewe usiku mwalimu akiwa amelala. Aweza pia kujibu, na jibu lake laweza kuwa la haki: nalikusudia puto, wala si mpira. Hapo mkosoaji hana budi kukubali, akamtazamia puto. Sheria za maumbile si amri juu ya sanaa. Mchoraji ana ruhusa ya kuzivunja zote, mradi ajue ni ipi anayoivunja na kwa picha ngapi. Ndiyo maana swali la kwanza la mkosoaji, kabla ya neno lolote la sifa au lawama, lapasa kuwa: ulikusudia nini? Zoezi lenye makosa ya kukusudiwa halikosolewi sawa na zoezi lenye makosa ya bahati.

Kasoro za kubonyea nitazipita upesi kwa kuwa ni nyepesi kuonyesha. Frank Thomas na Ollie Johnston, katika kitabu chao The Illusion of Life kilichotoka mwaka 1981, wameziandika kanuni 12 za uhuishaji, na ya kwanza ni hii ya vitu kubonyea na kunyooka. Wanafunzi huipenda kupita kiasi. Mpira wao hubonyea kabla haujagusa chini, kana kwamba umeiogopa ardhi. Au ukibonyea hupanuka pasipo kupungua kimo, hata ukawa mpira mkubwa kuliko ule ulioanguka. Hapa maneno hayahitajiki. Ziwekwe karatasi mbili juu ya kioo chenye taa, moja juu ya nyingine, na macho yatajionea yenyewe. Vivyo hivyo kasoro ya njia: juu, mpira hupinda katika tao, chini, unapogusa na kuruka, njia yake ni pembe kali. Mwanafunzi aliyeizungusha pembe hiyo amechora kitu kinachobembea kwenye kamba.

Ninalotaka kulikazia zaidi ni mpango wa kutazama, kwa maana wakosoaji wengi hupotea hapo kabla hawajafumbua kinywa. Mwalimu aliyelelewa katika uchoraji wa kawaida hulichukua bunda la karatasi akaanza na ya kwanza, kisha ya pili. Akaona mkono mfupi katika ya tatu, sikio lililosahauliwa katika ya saba, na kwa kila kasoro akatia alama. Amehakiki picha 30 zisizokwenda. Norman McLaren, mzaliwa wa Scotland aliyefanya kazi miaka mingi katika bodi ya filamu ya taifa ya Kanada, alishikilia ya kwamba jambo linalotendeka baina ya picha na picha lina thamani kubwa kuliko lililomo ndani ya kila picha. Akiwa amesema kweli, na mimi naona hivyo, basi mwalimu yule hakulitazama zoezi hata kidogo. Yapasa mwendo upitishwe kwanza kwa kasi yake, mara tatu au nne, pasipo kusimamishwa na pasipo kusema. Kisha mkosoaji ajiulize jicho lake lilikwama wapi. Ndipo azifunue karatasi za mahali hapo tu, apate kuona sababu. Huenda akagundua ya kwamba mchoro ulio mbaya kuliko yote katika bunda, uliovutwa kama ubani mdomoni, ndio uliomfanya aamini mwendo wote. Na ule ulio mzuri, ambao mwanafunzi aliumaliza kwa siku mbili na hakutaka kuuharibu, ndio uliolikwamisha jicho.

Habari za kale za ufundi huu zaeleza vizuri jinsi desturi za kukosoa zilivyoanza, na pia jinsi zilivyochanganyika. Studio ya Walt Disney mjini Los Angeles ilikuwa na wachoraji waliojifunza kwa kuigiza katuni za magazeti. Mwaka 1932 Don Graham, mwalimu katika shule ya sanaa ya Chouinard, aliletwa awafundishe jioni. Alizileta filamu za watu na wanyama wa kweli, akazipitisha polepole ili darasa lione bega linatangulia nini na nyayo zinaachwa lini. Mwezi wa Desemba 1935 Disney alimwandikia Graham waraka mrefu juu ya malezi ya wahuishaji, akataja sifa anazozitaka: uchoraji mzuri, ujuzi wa kutia chumvi si sura tu bali na matendo pia, maarifa ya uigizaji, na nyinginezo. Yote hayo yalikuwa matayarisho ya filamu ndefu ya Snow White, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwezi wa Desemba 1937.

Katika studio hiyo michoro ya kalamu ya risasi ilipigwa picha ikiwa bado haijatiwa wino wala rangi, kisha ikatazamwa katika chumba kidogo chenye joto ambacho wachoraji wenyewe walikiita sanduku la jasho. Jina hilo lilitokana na joto la chumba, lakini hapana shaka lilidumu kwa sababu ya jasho la namna nyingine. Mchoraji alikaa gizani wakati kazi yake ya majuma kadhaa ilipopita mbele ya bwana mkubwa kwa sekunde chache. Yaliyosemwa yaliandikwa yakapelekwa kwa wahusika, nao wakaenda kurekebisha. Desturi hii ilizaa filamu nzuri, na wengi waliopita katika chumba kile walikiri baadaye ya kwamba ndipo walipojifunza kazi.

Walakini sanduku la jasho halikuwa darasa. Ukosoaji wake uliitumikia filamu. Tukio likiwa baya, litengenezwe; asipoweza huyu kulitengeneza, apewe yule; na mchoraji akitoka amevunjika moyo, filamu haitaonyesha. Zoezi la mwanafunzi ni kinyume chake. Hapana mtu atakayelipa nauli kwenda kuutazama mpira wake ukidunda. Zoezi halina thamani yoyote lenyewe. Thamani yake ni kile kinachobaki mkononi mwake na machoni pake baada ya karatasi kutupwa. Mwalimu anayeukosoa mpira kama bwana wa studio anayekosoa tukio la filamu ameshughulika na kitu kisicho na faida kwa mtu yeyote, akamwacha yule mwenye faida. Nadhani makosa mengi ya shule za uhuishaji, hata leo, yametokana na kuyachukua mazungumzo ya sanduku la jasho na kuyahamishia darasani pamoja na jasho lake.

Hapa ndipo lilipo suala la mkono wa mwalimu. Je, mwalimu aishike kalamu akamchorea mwanafunzi? Desturi ya vyumba hivi tangu zamani ni kutandaza karatasi safi juu ya mchoro wa mwanafunzi, taa ikiwaka chini, na kuchora upya mkao ulio bora. Kwa upande mmoja naiona hoja ya wanaoikataa. Mwalimu akichora, mchoro huwa mzuri na mwanafunzi huwa yule yule. Tena huenda akaondoka na deni la haya, akajua ya kwamba zoezi lililosifiwa mwisho wa muhula halikuwa lake. Kwa upande wa pili, kuna mambo ambayo kalamu huyaeleza kwa mistari mitano na kinywa hakiwezi kuyaeleza kwa saa nzima. Mwanagenzi wa kila ufundi, awe wa kuchonga milango au wa kuunda majahazi, amejifunza kwa kuutazama mkono wa fundi wake. Na sisi wenyewe tunao mfano katika ushairi: tangu Mambo Leo lianze kutolewa mwaka 1923, malenga katika kurasa za magazeti wamejibizana kwa mashairi, na shairi lenye kasoro likajibiwa kwa shairi. Jibu hilo halikulifuta la kwanza. Yote mawili yalisomwa, na msomaji akapima.

Basi tofauti iliyo muhimu, kwa maoni yangu, ni karatasi iliyo safi. Mwalimu anayechora juu ya karatasi ya pili ametoa jibu. Anayefuta mstari wa mwanafunzi na kuuweka wake ameghushi. Naongeza masharti mawili. Asichore kabla ya kuuliza kusudi, maana atausahihisha mkao kwa kuufanya mkao wa kitu kingine. Na achore michoro mikuu tu, ile ya mwanzo na mwisho wa tendo, wala asiiguse ya kati. Kwani kuipata njia ya kutoka mkao hadi mkao ndiyo kazi yenyewe ya mwanafunzi, na akinyang'anywa hiyo hakusalia na zoezi.

Miongoni mwa walimu wanaotajwa kwa heshima ni Eric Larson, mmoja wa wale wahuishaji tisa wa Disney waliopachikwa jina la Wazee Tisa. Yeye ndiye aliyemchora paka Figaro katika Pinocchio ya mwaka 1940. Katika miaka ya 1970, wenzake wakizeeka na kustaafu, alikabidhiwa kazi ya kuwalea vijana, na wengi waliokuja kuongoza filamu baadaye walipita mezani kwake. Waliofundishwa naye humkumbuka kwa upole. Yafaa tuseme upole huo ulikuwa nini, kwa maana neno hili hutumiwa vibaya. Hakuwa mtu wa kusifu kila kitu. Upole wake ulikuwa wa kulichukua zoezi la kijana asiye na jina kwa uzito ule ule ambao angelichukua tukio la filamu, na kulitafutia ndani yake wazo ambalo mwenyewe hakufaulu kulitoa. Mwalimu anayesifu ovyo ili asimuumize mwanafunzi amelipuuza zoezi sawasawa na yule anayetukana. Wote wawili wamemaliza haraka.

Kinyume cha Larson kwa maneno, na pengine si kwa moyo, alikuwa Ken Harris, mhuishaji wa miaka mingi wa Chuck Jones, aliyekwenda London uzeeni kumfanyia kazi Richard Williams. Williams, aliyezaliwa Toronto mwaka 1933 na kufariki mwaka 2019, alikuwa tayari ana studio yake na tuzo zake. Hata hivyo, katika kitabu chake The Animator's Survival Kit cha mwaka 2001, anasimulia jinsi Harris alivyomwambia waziwazi ya kwamba bado hakuwa mhuishaji, na jinsi alivyokubali baadaye, kwa maneno machache, kuwa Williams ameanza kuviweka vitu mahali pake. Msomaji asiye mchoraji ataliona neno hili kuwa sifa ndogo mno. Kwa mchoraji, mahali ndilo neno lenyewe. Mikao yaweza kuwa mizuri na muda ukawa sawa, lakini michoro ya kati isipokaa mahali pake, ikawa karibu mno au mbali mno, mwendo haukuzaliwa. Harris alilitaja jambo moja, na lilikuwa ndilo.

Lakini nawaonya walimu vijana wanaopenda kuuiga ukali wa mzee yule. Alimwambia hayo mtu aliyekuwa mwajiri wake, mwenye umri na sifa, ambaye mwaka 1973 alifunga kazi za studio yake ili Art Babbitt aje kuwafundisha yeye na watu wake. Mtu wa namna hiyo akiambiwa hajui, husogeza kiti karibu zaidi. Kijana wa mwaka wa kwanza akiambiwa neno lile lile husimama akaondoka, na pengine tusimlaumu.

Ipo pia hadithi aliyopenda kuisimulia Chuck Jones, juu ya mwalimu wake wa Chouinard aliyewaambia wanafunzi ya kwamba kila mmoja wao ana michoro mibaya 100,000 ndani yake, na heri aitoe mapema. Hadithi hii imeenea, na walimu huitumia badala ya kukosoa. Ni hadithi ya kutia moyo, lakini ina upungufu mmoja. Mtu aweza kuichora michoro 100,000 mibaya kwa namna moja ile ile, akafika mwisho wake amekuwa hodari wa kuchora vibaya. Idadi haina macho. Bila mtu wa kumwambia mchoro wa 40 una kosa lile lile lililokuwa katika mchoro wa 4, hesabu hiyo haishuki.

Nimesema mkosoaji ataje sababu badala ya hisia. Sasa nataka kuitetea hisia kidogo, kwa kuwa yako mazoezi ambayo hesabu haiyafikishi mbali, na hapo lugha ndiyo chombo. Zoezi la gunia la unga ni mojawapo. Gunia lililojaa nusu, lisilo na macho wala kinywa, lenye pembe nne zinazotumika kama mikono na miguu, latakiwa lioneshe huzuni, au furaha, au uchovu. Wanafunzi wengi huchora mtu aliyevaa gunia. Swali moja la mkosoaji hulirudisha zoezi mahali pake: unga uko wapi sasa? Gunia likisimama, unga umekaa chini na kitambaa cha juu kimelegea. Likiruka, unga huchelewa kidogo kisha hufuata. Likianguka, hufika kitambaa, kisha unga. Mwanafunzi anayejua unga uko wapi katika kila mchoro hahitaji kuambiwa habari za uzito.

Na wanafunzi wetu wana msaada ambao sijaona ukitumiwa. Kiswahili chatofautisha maanguko kwa sauti. Kitu huanguka pu, au huanguka tifu mchangani, au hutumbukia majini chubwi. Kila tanakali imebeba ndani yake kitu, ardhi, na muda. Kinachoanguka pu hakidundi; hufika mara moja na chote. Kinachoanguka tifu huzama kidogo na kurusha vumbi, basi kinahitaji michoro kadhaa baada ya kugusa. Mpira hudunda, na neno lenyewe ladunda. Mwalimu na amwambie mwanafunzi wake alitamke anguko kabla ya kulichora. Kisha, jaribio likipita, wenzake walitamke walilolisikia kwa macho. Mmoja akisema pu na mchoraji alikusudia tifu, ukosoaji umekwisha kufanyika, wala hapana aliyetukanwa.

Zaidi ya hayo ni utajiri wetu wa maneno ya mwendo. Zoezi la mtu anayetembea huja baada ya mpira na gunia, nalo lina mizani yake: hatua ya kawaida huchukua picha 12, hata mtu akapiga hatua 2 kwa sekunde, mwili hushuka mara baada ya mguu kutua na kupokea uzito, kisha hupanda mguu wa nyuma unaposukuma. Wanafunzi aghalabu huugeuza mpango huo, wakauweka mwili juu kabisa wakati miguu imetanuka, mtu wao akatembea kama anayevutwa kwa uzi. Hilo ni la hesabu. Lakini mtu aliyefaulu hesabu hiyo ametembea tu, hajawa mtu fulani. Mkosoaji wa Kiswahili ana kunyata, kunyemelea, kuchechemea, kujikokota, kupepesuka, kutagaa, kudemadema, kuringa, kwenda aste aste, na mengine ambayo msomaji atayaongeza. Haya si mapambo. Anayechechemea hugawa muda kwa dhuluma: mguu mzima hukaa chini zaidi, ule mgonjwa hutua na kuondoka upesi. Anayejikokota hainui nyayo zake, na kiwiliwili hutangulia miguu ikifuata kwa shingo upande. Anayenyata huuzuia uzito nyuma mpaka vidole vimehakikisha ardhi. Kati ya kunyata na kunyemelea iko tofauti ambayo nimeona wanafunzi wakishindwa kuichora mpaka walipoambiwa neno: anayenyata huficha sauti yake, lakini anayenyemelea anacho anachokiendea, na macho yake hayakiachi hata mwili ukisimama. Mwalimu aliyesema mwendo wako haupendezi hakusema kitu. Mwalimu aliyesema ulikusudia anyemelee, lakini ananyata, amempa mwanafunzi kazi ya jioni moja, na amemwonesha ianzie wapi: machoni, wala si miguuni.

Limebaki jambo la jaribio la pili, ambalo katika shule nyingi hupuuzwa kwa udhuru wa muda. Hapo kale michoro ilipigwa picha kwenye filamu, filamu ikapelekwa kusafishwa, na mchoraji akangoja. Siku hizi karatasi hupigwa picha na kompyuta, na mwendo huonekana papo hapo. Faida kubwa, ingawa imezaa pia tabia ya kujaribu kabla ya kufikiri. Kwa urahisi huo hapana sababu tena ya kukosoa zoezi mara moja na kuliacha. Jaribio la kwanza litunzwe lilivyo, karatasi zake zikiwa na namba. La pili lipitishwe kando yake. Na kabla ya kulipitisha, mwalimu aulize ni mchoro wa ngapi uliobadilishwa kwanza. Mwanafunzi akijibu ya kuwa alianza na uso, au na nguo, yamkini hakuelewa alichoambiwa, na heri aulizwe alisikia nini. Akijibu ya kuwa alianza na mchoro wa 7, pale mguu unapopokea uzito, na ya kwamba ilimbidi autupe ule wa 8 ingawa aliupenda, mwalimu aweza kuketi na kutazama kwa starehe.